Marehemu Kafunga Goli

Mnara wetu uko kilimani Tukuyu, mahali ambapo mvua ikikosa siku chache watu wanaulizana kuna nini. Redio tatu zimebanana pale: ya kanisa, ya vijana na ya bosi wangu. Yetu ina risiva inayonasa matangazo kutoka Mbeya mjini na kuyarusha upya. Kiangazi kilipoingia tu, simu zikaanza.

"Fundi, mmetangaza msiba wa kaka yangu: 'Marehemu atazikwa kesho saa nane… haleluya… GOOOLI!' Ndiyo nini hiyo?"

Nikapanda mlimani na pikipiki, nikapiga hesabu. Namba nazibadilisha kidogo, nisije nikaitwa: kanisa megahezi 90, vijana 95. Mawimbi mawili yakichanganyika huzaa mengine mapya, na mojawapo hupatikana hivi: 95 mara mbili ni 190. Toa 90, inabaki 100. Na risiva yetu inasikiliza 100! Hapo filta, yaani kichujio cha mawimbi, haisaidii kitu, maana mwizi kavaa sare ya mlinzi. Dawa ni kutafuta mawimbi yanachanganyikia wapi, na mara nyingi ni vyuma vyenye kutu vinavyogusana karibu na antena. Kutu ile hufanya kazi kama dayodi, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na hapo ndipo mawimbi huchanganyika.

Ili nithibitishe, mmoja azime kidogo. Mchungaji akasema ibada haizimwi. Vijana wakasema Simba na Yanga ndiyo haizimwi kabisa. Nikangoja mapumziko. Vijana wakazima, msiba ukasikika safi. Wakawasha, haleluya ikarudi.

Nikazunguka mnara na kiredio mkononi. Nyuma ya kibanda, mlinzi alikuwa kajenga banda la kuku: mabati chakavu, yamefungwa kwa waya wa kutu hadi kwenye nyaya zinazoshikilia mnara. Jogoo akipiga mbawa, mchungaji anakatika. Jogoo akitulia, mahubiri yanaendelea.

"Mzee, shikamoo. Hili banda tulivunje."

"Marahaba, mwanangu. Kuku wangu wana redio gani?"

Nikamwekea kiredio sikioni, nikapiga bati teke. Mtangazaji akakatikia kwenye "anapiga shuti…"

"Aaa! Rudisha kwanza, tujue kafunga au kapaisha!"

Jioni ile tukabomoa, kuku wakajengewa banda la mabanzi. Msiba wa watu ukatangazwa upya bila goli hata moja. Kwenye ripoti nikaandika: "Chanzo cha hitilafu: banda la kuku." Mhasibu kagoma kulipa. Anataka chanzo cha kitaalamu.