Mfanyakazi hodari mwenye faili nene

Kila inapokaribia Mei Mosi, kituo chetu cha kuchakata kahawa hapa Mbozi hupata shughuli moja isiyohusu kahawa: kumchagua mfanyakazi hodari. Waajiriwa tuko wachache na vibarua wa msimu hawahesabiwi, kwa hiyo kikao huisha kabla chai haijapoa. Mafaili yanafunguliwa, mwenye barua ya onyo anawekwa pembeni, anayebaki anapewa cheti na bahasha. Ukiutazama harakaharaka, utaratibu huo ni wa haki. Mimi naona unatuletea mtu asiye sahihi karibu kila mwaka.

Ningeachiwa mimi, cheti kingekwenda kwa msimamizi wa chanja, zile meza za kuanikia kahawa. Faili lake ni nene, na sehemu kubwa ya mabaya yaliyomo ameyasema yeye mwenyewe.

Chukua msimu mmoja, mwezi wa Julai, baridi ya huku imekaza na jua linatoka kwa kusuasua. Kahawa haiingii ghalani mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 11 au 12. Jioni moja akapokea magunia, akapima ya juu tu kwa sababu giza lilikuwa linaingia na vibarua wanataka kwenda nyumbani. Asubuhi, bila kuagizwa na mtu, akarudi kupima ya chini. Hayakuwa yamekauka. Tulikuwa ofisini na wakulima wawili watatu wanaofuatilia malipo alipoingia. "Shikamoo Mwenyekiti. Magunia ya jana jioni nimeyaingiza kabla hayajakauka. Nilipima ya juu, ya chini sikupima. Nimeshayatoa, kahawa iko chanjani, namba zake hizi hapa." Akaweka karatasi mezani, akaondoka zake kwenda kuigeuza. Hakulia, hakupiga magoti, hakumtaja kibarua yeyote.

Akaandikiwa barua ya onyo.

Kwa wasiolima kahawa nieleze kidogo, maana hapa ndipo penye uzito. Mkulima analeta kahawa mbivu, tunaipima, tunaimwaga kwenye maji ili nyepesi zielee ziondolewe. Inamenywa siku ileile, inalazwa kwenye matangi hadi ule utelezi uachie, inaoshwa, ndipo inapanda chanjani kwa wiki mbili hivi, ikigeuzwa kutwa na kufunikwa usiku. Tangu inapomwagwa majini, kahawa ya mama aliyechuma nyekundu tupu imeshachanganyika na ya jirani yake, na hakuna awezaye kuitenganisha tena. Bei ikija, inakuja kwa mzigo mzima. Magunia machache yenye unyevu yakiachwa ghalani yanapata ukungu, na ukungu hauonekani kwa kupita na tochi. Unakuja kuonekana mezani kwa waonjaji. Punje moja iliyooza inatosha kuharibu kikombe, na kikombe kikiharibika mzigo unashushwa daraja. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kwetu ni vibaya zaidi: kilio huja miezi kadhaa baadaye, siku ya malipo ya pili, yale ya baada ya kahawa kuuzwa, na wanaolia si wale walioficha.

Kwa hiyo yule bwana asubuhi ile aliokoa fedha za watu ambao hawajui hata jina lake. Gharama ilikuwa siku chache za jua na kuwarudisha vibarua chanjani. Tukamlipa kwa barua.

Sasa wapo wenzetu wenye mafaili meupe. Nimefanya nao kazi. Ghala likitoa harufu, ni mvua. Mizani ikisoma pungufu, ni umeme. Hesabu zisipokubaliana, ni yule kijana aliyeacha kazi mwezi uliopita, ambaye kwa mujibu wao alikuwa na mikono mingi ajabu. Mtu wa namna hiyo simwiti mwongo, wakati mwingine kweli umeme ulikatika. Ila ukimkabidhi kazi huna njia ya kujua iliharibika lini, wala wapi pa kuanzia kurekebisha. Kila anachokuletea inabidi ukapime upya mwenyewe. Kahawa iliyopita kwa msimamizi wetu siipimi mara mbili, kwa sababu ningekuwa na wasiwasi nayo angekuwa ameshaniambia.

Najua kuna anayesema: tukisamehe kila anayejitaja, watu watazembea halafu waje kukiri kama kwa padri. Hoja hiyo ina ukweli wake. Anayeingiza kahawa isiyokauka kila wiki na kila wiki anakuja na karatasi yake, huyo kazi hajaiweza, ahamishwe. Lakini huyu wetu baada ya tukio lile alibadilisha namna ya kupima: gunia la juu, la kati na la chini, na mwisho wa kupokea ukawa kabla jua halijazama. Vibarua walinung'unika. Hajaingiza magunia yasiyokauka tena.

Kuna jambo jingine linaloniudhi, na sisi wafanyakazi wenzake ndio wenye lawama. Mtu akishajulikana kuwa ni wa kutegemewa, tunamtegemea hadi anapinda. Funguo za ghala anazo yeye. Mvua ikipiga usiku, simu inapigwa kwake. Mgeni akija kukagua, aitwe yeye. Mwisho wa mwezi mshahara wake na wa yule wa faili jeupe havina tofauti ya maana. Tunamwambia "ndaga, kaka", yaani asante, tunamgonga bega, kisha tunamwongezea zamu. Hizo sifa za mdomo amezisikia za kutosha.

Mkutano ujao wa wafanyakazi nitaomba mawili. Kwanza, kosa alilolitaja mhusika mwenyewe kabla halijagunduliwa na mtu mwingine liandikwe kwenye daftari la kituo, siyo kwenye faili lake, ili wengine tujifunze kulikagua. Pili, zamu za usiku zigawanywe, funguo ziwe na watu wawili. La pili litapita bila shida. La kwanza litapingwa, na nadhani wa kwanza kunyoosha mkono atakuwa mwenye cheti cha mwaka jana.