Maji Hayaombwi

Naandika haya nikiwa na povu lililokaukia nyuma ya sikio la kushoto, na msomaji anivumilie, kwa kuwa mtu aliyetorokwa na bomba katikati ya kuoga, siku ya Jumapili, saa moja kabla ya kusimama kuhubiri habari za Musa kuupiga mwamba ukatoa maji, hana budi kusema na mtu, na Mama Neema amekwisha kuninyima masikio yake.

Tulitumwa Mombasa kutoka Dodoma, mimi na mwenzangu, kwa utume wa miaka miwili. Ukame si mgeni kwetu, lakini ukame wa nyumbani una adabu: unapiga hodi, unajulikana msimu wake. Hapa kisiwani bahari imetuzunguka, shati linalowa kabla hujafika mlangoni, chumvi ndani ya kopo imegeuka uji, na kitu pekee kilichobaki kikavu ni bomba. Sehemu ya maji ya mji huu hutoka chemchemi za Mzima, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, ambako viboko hukaa ndani yake kutwa nzima. Sina ugomvi na viboko. Nasema tu kwamba wao leo wameoga.

Wala kulalamika hatuna ruhusa. Kila nikifungua kinywa, wakubwa wangu hunikumbusha mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine, na mwaka huohuo akamzika mke pamoja na mtoto mchanga, kisha akaendelea na kazi. Neno hilo halina jibu, nami huinamisha kichwa. Lakini usiku, nikiwa kitandani, huwaza kwamba Krapf na mwenzake Rebmann walipoanza kituo cha Rabai mwaka 1846 hapakuwa na mtu aliyewaletea bili ya maji.

Basi asubuhi ya leo nilijifunga kikoi, nikatoka roshani ya ghorofa ya nne, kichwa cheupe kwa povu, nikamwona kijana wa mkokoteni akipita chini na mitungi yake. Mitungi, nasema, kwa lugha ya hapa. Kwetu ni madumu, na wiki yetu ya kwanza niliagiza mtungi nikitarajia chombo cha udongo. Nikamwita kwa heshima niliyolelewa nayo.

"Kijana, habari za asubuhi? Naomba maji, mitungi miwili."

Akasimama, akanitazama kwa muda. "Maji hayaombwi, ami. Yauzwa."

"Najua yanauzwa. Naomba kununua."

"Sasa waomba ama wanunua?"

"Naomba uniuzie!"

Wakati huo madirisha yalikuwa yameanza kufunguka. Ningeweza kusema "nipe", neno dogo, silabi mbili, lakini marehemu mama yangu angefufuka anizabe kofi. Nikaanza kumfafanulia, kwa sauti ya mimbarini na kwa mifano, kwamba kwetu hata mwenye fedha mkononi huomba soda, huomba chenji ya nauli, huomba kupita, na kwamba kuomba huko si kuombaomba. Povu likaniingia jichoni. Nikafumba jicho, nikalisugua, na nadhani hapo ndipo bibi wa ghorofa ya pili aliposadiki kwamba ninalia.

"Mhurumie, mwanangu," akamwambia kijana. "Ni mtu wa dini, tena mgeni."

Kijana hakusema neno. Alipakua mtungi mmoja, akaubeba begani ngazi zote hizo ambazo kwa kawaida huzitoza shilingi kwa kila ghorofa, akautua mlangoni. Nikamnyooshea noti ya shilingi 100. Akarudi nyuma kama niliyemnyooshea nyoka. "La, ami. Sadaka hairudishwi. Niombee dua tu."

Mimi! Mimi ambaye kila Jumapili hupitisha kikapu, nimesimama kizingitini nikipokea lita 20 za sadaka, na jengo zima linashuhudia! Mama Neema alitoka, akautazama mtungi, akanitazama mimi. "Leo, Baba Neema, matoleo yamekuja kabla ya ibada." Kisha akayagawa: ya chai, ya vyombo, ya kwake, na mimi nikapewa makopo matatu, ndiyo sababu ya hili sikio.

Washirika waliniambia baada ya ibada kwamba wameguswa, kwa kuwa nimehubiri kwa machozi. Ilikuwa ni sabuni.

Kuhusu kivuko cha Likoni nitasema siku nyingine, nikipata pumzi. Adhuhuri kijana yule alipita tena, akaniita "ami wa naomba", na Mama Neema, aliyelelewa Dodoma ileile, akainama ukingoni mwa roshani akasema, "Nitilie miwili!" Ikaja miwili, bila hotuba. Sasa ni saa kumi jioni na bomba limeanza kukohoa. Tumepanga ndoo, sufuria, birika na beseni la kufulia. Kilichotoka mpaka sasa ni upepo, na mita, nimeshuka nikaiona kwa macho yangu mawili mekundu, inazunguka.