Una pointi 20 za S6? Marekani watakuuliza ng'ombe wa baba

Nyumbani Uganda, pesa ya chuo hufuata pointi. Serikali hulipia wanafunzi wapatao 4,000 kwa mwaka katika vyuo vikuu vya umma, na robo tatu ya nafasi hizo huenda kwa ufaulu wa mtihani wa S6, yaani kidato cha sita, peke yake. Aliyesomeshwa kwa karo kubwa ndiye anayesomeshwa tena bure. Mgao wa nafasi kwa kila wilaya umeleta nafuu, lakini kidogo.

Huku Marekani, Harvard, Yale, Princeton na MIT hawatoi hata senti kwa ajili ya alama. Alama zinakuingiza tu. Ukishaingia wanapiga hesabu: gharama ya mwaka, toa kile familia inachoweza, kinachobaki wanabeba wao. Na gharama hiyo ina chakula, kitanda, vitabu na bima ndani yake, si kama mkopo wa bodi yetu unaolipa ada ukabaki kuhangaikia hosteli. Tuseme mwaka ni dola 85,000 na kwenu mnaweza 1,500: chuo kinalipa 83,500. Kingine kitakusifu kwa skolashipu ya ufaulu ya dola 25,000 huku gharama yake ni 60,000. Hizo 35,000 utazitoa wapi? Tena mara nyingi GPA, wastani wa alama zako za chuo, ikishuka chini ya 3.0, hata hiyo skolashipu inaondoka.

Kwa hiyo fomu ya kukesha nayo ni ya kipato, CSS Profile. Mzazi hana hati ya mshahara? Eleza magunia ya kahawa kwa msimu, bei ya kilo, ekari, ng'ombe, karo za wadogo zako. Geuza kwa dola, ambatisha barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) yenye muhuri. Pasipowahusu andika sifuri. Pakiachwa wazi, faili hukwama.

Linaloniudhi ni hili: watu wanakopa shilingi milioni 40 za Uganda kwa shangazi na SACCO, wanaziweka kwenye akaunti ya baba ili karatasi ya benki ipendeze. Ofisi ya misaada inaona familia yenye zaidi ya dola 10,000 taslimu, inakata msaada. Wengine hujaza kwamba hawahitaji msaada, wakitegemea kuomba baadaye. Vyuo vingi havimfungulii mgeni mlango huo tena.

Ukipata mfadhili wa nje, kitangazie chuo, ila uliza kwanza kitapunguza wapi: kwenye saa zako za kazi za chuoni, au kwenye ruzuku yenyewe.