Muulizeni kama alikwenda Kagera

Kila Julai 25 tunawakumbuka mashujaa: shada la maua, mkuki, ngao, wimbo wa taifa. Waliozikwa Kaboya kule Muleba wanastahili hayo na zaidi. Mimi nina neno kuhusu waliorudi.

Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Kagera Oktoba 1978. Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Waliokwenda kumng'oa hawakuwa wanajeshi wa ajira peke yao. Mgambo wengi walitolewa vijijini, na nduli alipokimbia wakarudi kwenye jembe lao. Nani aliwauliza wanalalaje? Hata Marekani, pamoja na majeruhi wake wa Vietnam, kiwewe cha vita kinachomnyima mtu usingizi kiliingizwa katika mwongozo wa madaktari wa akili mwaka 1980. Wakati huo mgambo wetu yuko shambani tayari.

Mzee mmoja mtaani kwetu alikuwa kwenye mizinga. Sikio la kushoto limekufa, la kulia linavuma kutwa. Ukimsemesha taratibu hasikii. Ukipaza sauti anaona unamfokea, naye anafoka. Wajukuu wanamkwepa, harusini haendi. Usiku mkewe humwamsha kwa kusimama miguuni pa kitanda na kumgusa kidole cha mguu, maana akiguswa begani huamka na ngumi. Majirani wanasema ana mapepo, wengine wanasema ni gongo. Gongo yenyewe anainywa apate usingizi.

Akienda zahanati, presha anapewa vidonge, sikio anaambiwa ni uzee, na habari za usiku hazisemi kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Lakini mtu aliyelala kwa mang'amung'amu zaidi ya miaka arobaini, presha itamkosaje?

Na si wazee tu. Desemba 2017 walinda amani wetu waliuawa Semuliki, Kongo. Wenzao walionusurika usiku ule bado ni vijana wenye watoto wadogo.

Ninachotaka ni swali moja kwenye kadi ya mgonjwa: ulikwenda vitani? Likijibiwa ndiyo, apimwe masikio, aulizwe usingizi, na mkewe aulizwe pia, tena peke yake. Ushauri nasaha utolewe hapohapo wilayani. Ukimwambia mzee aende Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, anavaa kofia yake na kuondoka, na mimi simlaumu.