Ukuta wa Waridi Haumtulizi Mwenye Hasira

Siku hizi ni rahisi kukutana na orodha ya rangi na hisia zake: bluu hutuliza, njano huchangamsha, nyekundu huchochea hasira na hamu ya kula, kijani hupumzisha. Orodha hiyo imetoka kwenye maduka ya rangi za nyumba ikaingia kwenye mazungumzo ya walimu wanaopamba madarasa na ya wasimamizi wanaokarabati wodi za hospitali, nayo hutajwa kana kwamba ni elimu iliyokwisha kuthibitishwa. Siipingi hoja ya kwamba rangi hugusa hisia, naiamini kabisa. Ninachokipinga ni dhana kwamba rangi hufanya kazi kama dawa, yaani kwamba kipimo kilekile kitaleta matokeo yaleyale kwa kila mtu, bila kujali amekulia wapi, anakumbuka nini, na ni nani aliyemwekea rangi hiyo mbele ya macho yake.

Mfano unaonishawishi kuliko mingine ni ule wa rangi ya waridi magerezani. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mtafiti wa Marekani, Alexander Schauss, alidai kwamba mtu akitazama waridi ya aina fulani kwa dakika chache, nguvu za misuli yake hupungua na ghadhabu yake hushuka. Mwaka 1979 wasimamizi wawili wa gereza la jeshi la majini mjini Seattle, Baker na Miller, walikubali kulijaribu wazo hilo. Walipaka waridi katika seli ya kupokelea watu, rangi iliyopatikana kwa kuchanganya painti moja ya nyekundu na galoni moja ya nyeupe, na taarifa iliyotoka ikasema kwamba kwa siku 156 hapakutokea vurugu yoyote ndani ya seli hiyo. Rangi ikapewa majina ya wasimamizi hao, habari ikasambaa, na baada ya muda waridi ikaonekana katika seli za Marekani, Uswisi na kwingineko.

Msomaji makini atauliza mara moja: siku hizo 156 zililinganishwa na nini? Seli iliyopakwa upya huwa safi kuliko ya zamani. Askari walioambiwa kwamba rangi itawatuliza wafungwa huenda nao walisema kwa upole zaidi, wakasubiri kidogo kabla ya kutumia nguvu, na upole huo peke yake unatosha kupunguza ugomvi. Bila seli ya kulinganishia, sifa yote ilikwenda kwa ukuta. Mwaka 2015 Oliver Genschow na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililopangwa kwa uangalifu zaidi katika gereza moja la Uswisi: wafungwa wanaume 59 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakawekwa katika seli za waridi na wengine katika seli nyeupe, kila mmoja kwa siku tatu. Ukali wa makundi hayo mawili haukutofautiana.

Kuna jambo lingine ambalo makopo ya rangi hayalisemi. Katika jamii iliyoamua kwamba waridi ni rangi ya watoto wa kike, mwanamume aliyefungiwa ndani ya chumba cha waridi huona ujumbe kabla ya kuona rangi. Sherifu Joe Arpaio wa Maricopa, jimboni Arizona, alipata umaarufu kwa kuwavisha wafungwa nguo za ndani za waridi, na wengi walielewa kuwa hiyo ilikuwa fedheha. Rangi inayodaiwa kutuliza ilikuwa pia chombo cha kumdhalilisha mtu, na hapo ndipo nadharia ya dawa inaponishinda kabisa kuikubali.

Hatuna haja ya kwenda Arizona kuliona hili. Katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, siku ya mchezo wa Simba na Yanga, nusu ya uwanja huwa nyekundu na nyeupe, na nusu nyingine kijani na njano. Macho ya mashabiki ni ya aina moja na mwanga unaoyafikia ni uleule, lakini wekundu unaomfanya mmoja asimame na kuimba humfanya jirani yake akunje uso. Kwa orodha ya dukani, kijani kingepaswa kuwapumzisha watu wa Yanga. Anayetaka kujua kama kinawapumzisha na aende akaketi nao dakika ya 88 wakiwa nyuma kwa bao moja. Klabu hizi zilizaliwa mwaka 1935 na 1936, na kwa vizazi kadhaa watoto wamerithi rangi kutoka kwa baba, mjomba au mtaa. Hisia hiyo ni ya kweli, na nguvu yake inatokana na historia ya watu zaidi kuliko kitu chochote kilichomo katika rangi yenyewe.

Pwani yetu ina ushahidi mzito zaidi, nao ni kaniki. Karne ya 19, Zanzibar na mwambao wote, nguo za watumwa na watu wa hali ya chini zilikuwa hasa merikani, yaani pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa na meli kutoka Marekani, na kaniki, kitambaa kilichotiwa nili hadi kikawa cheusi au bluu nzito. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliziacha nguo hizo wakajifunga kanga zenye rangi na michoro. Nikifikiria mwanamke aliyefungua doti yake ya kwanza, nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe, sioni namna ya kuieleza furaha yake kwa kupima wekundu wa kitambaa. Alikuwa amevaa kile ambacho jana hakustahili kukivaa. Hadi leo kaniki ina uzito moyoni mwa watu: wapo wanaoivalia kazi shambani bila wasiwasi wowote, na wapo wanaoshtuka wakiiona imetundikwa mlangoni, kwa kuwa wameizoea kwa mganga, pamoja na kile kitambaa chekundu na kile cheupe.

Nyeupe nayo haitulii katika maana moja. Ndiyo sanda, ndiyo kanzu ya Idi, ndiyo shela la bibi harusi, na katika sehemu nyingi za pwani ndiyo nguo ya mjane aliye katika eda. Huko bara, familia nyingi za Kikristo humvisha mjane nyeusi, desturi iliyopata nguvu Uingereza katika enzi za Malkia Victoria, ambaye alivaa nyeusi tangu alipofiwa na mumewe mwaka 1861 hadi alipofariki mwaka 1901.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti mkubwa uliowauliza watu wa nchi 30 wahusishe rangi na hisia, na majibu yao yalifanana kwa kiasi kikubwa: nyeusi na huzuni, nyekundu na mapenzi pamoja na hasira. Nauheshimu utafiti huo. Hata hivyo, kuhusisha neno la rangi na neno la hisia ni jambo moja, na kubadilika kwa moyo wa mtu aliyeketi chumbani ni jambo jingine. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba nchi zinazokaribiana kwa lugha au kwa jiografia hufanana zaidi, na Wachina wakaiunganisha nyeupe na huzuni kuliko wengine.

Rangi hutenda moja kwa moja pale inapougusa mwili kupitia jicho, na hapo sina ubishi. Mwaka 1914 daktari mpasuaji Harry Sherman wa San Francisco, akisumbuliwa na mng'ao wa weupe katika chumba cha upasuaji, alichagua kijani cha mchicha kwa kuwa kinaukabili wekundu wa damu. Jicho likikazwa kwenye damu kwa muda mrefu huchoka kupokea wekundu, na daktari akitazama kitambaa cheupe huona madoa ya kijani yakielea. Juu ya kitambaa cha kijani madoa hayo hayamsumbui. Vilevile, mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walithibitisha kwamba nyuma ya jicho zipo seli zinazoujulisha ubongo kama ni mchana au usiku, na kwamba zinaitikia zaidi mwanga wa bluu, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 480. Mwanga huo ukimpata mtu usiku, mwili wake hupunguza kutoa melatonini, homoni inayouandaa kwa usingizi, na aliyekosa usingizi huamka na hasira ukuta uwe wa rangi yoyote.

Ndiyo maana bodi ya hospitali inayotaka kununua rangi ya bluu ili wazazi watulie wodini ningeiomba ianze na taa. Zile taa za LED zenye mwanga mweupe mkali, zinazowaka juu ya vitanda usiku kucha, zibadilishwe kwa zenye mwanga wa manjano hafifu, na madirisha yafunguliwe mchana. Kisha waulizwe akina mama waliolazwa, wauguzi wa zamu na wanaopiga deki kila asubuhi wangependa kuamka wakiona rangi gani, na ni ipi wasiyotaka kabisa kuiona wakiwa na uchungu. Mbao mbili tatu zilizopakwa rangi tofauti zikitundikwa wodini kwa wiki moja kabla ya mkataba wa fundi kusainiwa, gharama yake ni ndogo mno, na majibu ya Tanga si lazima yafanane na ya Bukoba.