Mwalimu wa Kelele

Nilipotoka Butimba, chuo ambacho kwa miaka mingi kimetoa walimu wa muziki, na kupangiwa shule hii ya msingi, nilidhani nimeletwa kufundisha somo la Sanaa na Michezo, kumbe nimeletwa kusimamia kila kinachotoa sauti. Spika ikikoroma kwenye kikao cha wazazi, huitwa mimi. Nondo ya kugongea kengele, ambayo ni rimu ya lori iliyoning'inizwa mwembeni, ikipotea, naulizwa mimi. Na hata mbwa wa jirani akibweka wakati wa mtihani, ofisi nzima ya walimu hunigeukia.

Kipindi changu ni mali ya yatima. Leo huchukuliwa na mwalimu wa Hisabati kwa kuwa Darasa la Nne wanakabiliwa na upimaji wa kitaifa, kesho na mwalimu wa Kiingereza kwa kuwa yule wa Hisabati alikichukua jana. Ngoma ya shule imelegea ngozi kwa unyevu wa stoo, na kila ninapoipeleka jikoni kuikaza kwa moto, wapishi wa uji huniuliza kama nyama itatutosha sote.

Asubuhi mstarini, wimbo wa taifa huanzishwa na kiranja mwenye sauti nyembamba, juu kabisa, kiasi kwamba ubeti ukifika katikati shule nzima imekwisha kukata pumzi isipokuwa yeye. Lahani hiyo Enoch Sontonga aliitunga mwaka 1897 huko Afrika Kusini, naye alikuwa mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya, ila naamini hakukabidhiwa spika.

Sasa kuna mahafali. Mwalimu Mkuu ameagiza wimbo wa kumkaribisha mgeni rasmi, Mkuu wa Wilaya, utakaowataja pia diwani, mwenyekiti wa kijiji na kamati ya shule kwa mpangilio wa vyeo, usizidi dakika tatu. Nikautunga, watoto wakaushika, hata wale wa darasa la awali wanaouimba wakiwa wamefumba macho. Jana jioni taarifa ikaja kwamba atakuja mwakilishi wake. Cheo cha silabi 7 kimekuwa cha silabi 12, mdundo ni ule ule, na mwalimu wa Hisabati, ambaye kipindi changu bado anacho, anashauri tuimbe harakaharaka.