Mishahara nje ya ERPNext: tumenyang'anywa au tumepunguziwa mzigo?

Toleo la 14 la ERPNext, mfumo wa kompyuta wa kuendesha biashara kuanzia hesabu hadi stoo, lilipotoka mwaka 2022, watengenezaji wake kule India walichomoa moduli kadhaa zilizokuwa ndani ya mfumo: shule, hospitali, kilimo, hoteli, na ile iliyogusa wengi zaidi, ya wafanyakazi na mishahara. Hiyo ikawa programu huria inayojitegemea, Frappe HR. Hadi leo kuna mafundi wenzangu hapa Mombasa wasemao tulinyang'anywa. Hasira yao naielewa, ila nadhani wameangalia siku ya kuhama tu, hawakuangalia miezi iliyofuata.

Siku ya kuhama ilikuwa chungu kweli. Ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini tuliihamisha kutoka toleo la 13 Ijumaa jioni. Jumatatu asubuhi mhasibu wao, mama mtu mzima, akanipigia: "Mwanangu, mishahara imekwenda wapi?" Majina ya wafanyakazi yapo, idara zao zipo, lakini menyu ya mishahara haipo. Kosa lilikuwa letu, hatukuweka ile programu ya pili. Tulipoiweka, hati zote zikarudi. Lakini kwake yeye mfumo ni mmoja, na ana haki ya kuuona hivyo. Tena matoleo lazima yaende sambamba: Frappe HR ya toleo la 15 haikai juu ya ERPNext ya 14.

Sasa tazama upande wa pili. Zamani duka la spea Mwembe Tayari lilibeba majedwali ya wagonjwa, wanafunzi na mashamba, hata kama hakuna aliyewahi kuyafungua. Kila tulipohamia toleo jipya, hayo yote yalipitiwa moja moja kwenye seva ndogo ya kukodi, na mwenye duka anasubiri kuuza.

Jambo linaloniuma zaidi ni makato. Chukua mfanyakazi wa shilingi 60,000. Hadi Septemba 2024 alikatwa 1,300 za NHIF, bima ya afya ya taifa. Oktoba ikaja SHIF iliyochukua nafasi yake, asilimia 2.75 ya mshahara wote, akakatwa 1,650. Tarehe 27 Desemba sheria ikabadilika tena: SHIF na ile asilimia 1.5 inayokatwa kwa ajili ya mradi wa nyumba za serikali zikawa zinatolewa kabla ya kodi kupigwa. Februari 2025 kikomo cha juu cha mshahara unaokatwa NSSF, mfuko wa uzeeni, kikapanda kutoka 36,000 hadi 72,000, na mtu huyo huyo akatoka 2,160 hadi 3,600. Mabadiliko matatu ndani ya miezi mitano! Wapinzani husema kiwango ni fomula tu, unaibadilisha kwenye fomu bila toleo jipya. Kweli. Lakini fomula ikishabadilishwa, ripoti za kodi nazo zinataka kupimwa, na hitilafu ikionekana kwenye mishahara inataka marekebisho mwezi huo huo. Sehemu ya stoo, iliyobaki ndani ya ERPNext, haina haraka hiyo. Namna ya kuhesabu gharama ya mzigo ni ile ile ya mwaka juzi, kwa nini niiguse tarehe 27 ya mwezi, watu wanangoja kulipwa? Programu zikiwa mbili, narekebisha moja na nyingine naiacha ilale.

Utengano wenyewe lakini haujafika mwisho. Frappe HR bado inasimama juu ya ERPNext, kwa kuwa mishahara ikishalipwa lazima iandikwe kwenye daftari la hesabu. Shule inayotaka mishahara peke yake itabeba vyote viwili. Na hofu kubwa kuliko zote, ambayo wapinzani wangeisema zaidi, ni programu kutolewa nje kisha ikakosa wa kuichunga. Moduli ya hoteli ilikuwa na vyumba, nafasi za wageni na menyu za mgahawa. Katika mji huu wenye hoteli kuanzia Nyali hadi Shanzu, programu ya namna hiyo ikiachwa bila mtunzaji, tutakaoumia ni sisi, na hapo nitasimama nao bila kusita.

Kwa mishahara, nimeshachagua. Siku hizi tukihamisha mfumo hatuondoki ofisini mpaka mhasibu akae mwenyewe kwenye kiti, afungue hati ya mshahara ya mwezi uliopita na kuisoma mbele yetu hadi shilingi ya mwisho.